"Unahisi?" Majibu ya mwanajiolojia kuhusu nishati ya Sedona

Kila ninapopandisha watu Bell Rock, jabali jekundu la Sedona, haipiti nusu saa kabla mmoja wao hajasimama, akafumba macho, kisha akaniuliza: "Unahisi?" Kazi yangu mimi ni mawe. Zamani swali hilo nililijibu kwa somo la usumaku mpaka uso wa mtu unamshuka. Siku hizi namuuliza kwanza yeye anahisi nini, na sehemu gani ya mwili. Majibu yanafanana mno: vidole vina ganzi ya kuchomachoma, kichwa chepesi, machozi yanamlengalenga bila sababu.

Sedona, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, imejipatia jina kwa hayo. Wanaoamini husema kuna mahali ambapo nishati ya dunia huzunguka kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki, na mahali hapo hupaita voteksi. Panapotajwa zaidi ni Bell Rock, Cathedral Rock, Airport Mesa na Boynton Canyon. Wageni wengi hudhani orodha hiyo imerithiwa tangu enzi na enzi. Wapi! Ilivuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia Page Bryant, mwanamke aliyesema hupokea ujumbe kutoka ulimwengu wa roho. Kisha tarehe 16 na 17 Agosti 1987, siku za mkusanyiko ulioitwa Harmonic Convergence, maelfu ya watu walimiminika Sedona, na tangu hapo biashara haikulala.

Sasa tuje kwenye mawe. Wekundu ule unaowatoa watu pumzi ni kutu tu. Ukifika, usikwangue jabali. Chota mchanga kidogo njiani, uweke kiganjani, uutazame kwa lenzi. Utaona punje za kwatzi, angavu kama vioo vilivyosagwa, kila moja imevikwa utando mwembamba wa oksidi ya chuma. Punje hizo zililetwa na upepo na maji miaka milioni 280 hivi iliyopita, hapa palipokuwa pwani ya matuta ya mchanga. Kwenye kiuno cha Bell Rock kuna mkanda mwembamba wa kijivu. Hayo ni mawe chokaa: bahari iliingia, ikakaa, ikaondoka. Mimi mkanda ule hunisisimua kuliko voteksi yoyote, ingawa nakiri sijawahi kumwona mtu akiulilia.

"Lakini chuma si ndiyo sumaku?" Si kila chuma. Hematiti, ile kutu nyekundu, ina usumaku hafifu sana. Nimeketi na dira juu ya Bell Rock asubuhi na jioni, na sindano imeelekea kaskazini bila wasiwasi. Mawe yenye usumaku wa maana ni basalti nyeusi ya volkano kwenye miinuko ya jirani, na huko sijamkuta mtu akitafakari hata siku moja.

Ushahidi mwingine ninaoonyeshwa ni mireteni, ile miti mifupi ambayo shina lake limejisokota kama kamba. Inasemekana nishati ndiyo iliyoisokota. Mireteni ya namna hiyo ipo tele kwenye nchi kavu, hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaita patakatifu, na kando ya ule uliosokotwa utaukuta mwenzake umenyooka.

Kuhusu vidole, jibu ninalo. Sedona iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, hewa yake ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaligundua. Mtu amepanda, hajanywa maji, amekaa kitako, akaanza kuvuta pumzi nzito mfululizo kama alivyofundishwa. Hewa ya ukaa hupungua kwenye damu, na vidole na midomo huanza kuchomachoma. Apumue polepole, baada ya dakika chache inaisha. Machozi ni habari nyingine. Sina dira ya kuyapima.

Jambo linaloniudhi ni jinsi wenye mahali wanavyosahauliwa. Boynton Canyon ni korongo takatifu kwa Wayavapai, wenyeji wa kale wa hapa, na limo katika simulizi yao ya asili. Februari 1875 jeshi la Marekani liliwaswaga Wayavapai na Waapache wa bonde hili, watu 1,400 au zaidi, kwa miguu hadi San Carlos, eneo walilotengewa na serikali, mwendo wa kilomita 290 hivi katikati ya majira ya baridi. Wengi walifia njiani. Wazao wao wako hapahapa, wakijiita Yavapai-Apache Nation, na bado wanaliheshimu korongo lao. Ukipanga duara la mawe humo au kufukia fuwele kwa ajili ya nishati, unaacha taka kwenye mahali pa ibada pa mtu mwingine.

Tena angalia unapokanyaga. Ule udongo mweusi wenye vinundu kandokando ya njia, unaofanana na ukoko ulioungua, ni hai: sayanobakteria (vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), kuvu na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) vilivyoshikana kuzuia mchanga usipeperuke. Hatua moja huuvunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi, pengine makumi. Waliotoka njiani kutafuta "nguvu zaidi" nimewaonyesha nyayo za wenzao wa zamani.

Kuanzia Julai hadi Septemba radi huja alasiri, kwa hiyo juu ya jabali uwe umeshashuka mapema. Na atakayekuambia uvumilie joto ili usafike, mkimbie. Oktoba 2009 karibu na Sedona watu 3 walipoteza maisha kutokana na ibada ndani ya hema la mvuke. Aliyeiongoza alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa kuua kwa uzembe.

Mara ya mwisho aliyeniuliza "unahisi?" alikuwa mama wa makamo. Nilimpa maji, nikamwambia apumue taratibu, na ganzi ikamwachia vidole. Machozi hayakukoma. Nikarudisha lenzi mfukoni, nikakaa naye mpaka kivuli cha jabali kikatufikia.