Nyuki wa ardhini: tafadhali msiwapulizie dawa

Mvua ikikatika naanza kutumiwa picha za matundu ardhini kutoka Nairobi: uani Karen, ukingo wa udongo mwekundu Karura, ukuta wa tope Dagoretti. Swali huwa moja, nipulize dawa gani? Nakuomba usipulize yoyote.

Mara nyingi mwenye tundu ni Amegilla, nyuki mnene wa manyoya, mwenye mistari myeupe au ya buluu tumboni. Hatulii: husimama hewani mbele ya ua, hufyonza kwa ulimi mrefu, huyoo amekwenda. Hana malkia wala asali ya kurina. Kila jike huchimba tundu lake, hata majirani wakiwa karibu kiasi gani. Ndani hutengeneza vyumba, hupaka kila kimoja ute wa nta unaozuia maji, huweka chavua (unga wa maua) iliyochanganywa na mbochi (maji matamu ya maua), hutaga yai moja, kisha hufunga. Kwa kuwa hana kundi la kulinda, hakuumi mpaka umshike au umkanyage. Dume hana mwiba kabisa; jioni madume huuma kijiti kwa taya na kulala wakining'inia hapo.

Ninawapigania kwa sababu ya nyanya, biringanya na managu (mnavu). Maua ya mimea hii hufungia chavua kwenye vifuko vyenye upenyo mdogo tu, na nyuki wa asali hawezi kuitikisa itoke. Amegilla hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya kurukia huku mabawa yametulia, na chavua humwagika kama chumvi kutoka kwenye kichupa. Sikiliza shambani, mlio wake hubadilika ghafla. Ni kweli nyanya hujichavusha, na upepo husaidia, lakini mtetemo huo huongeza mazao. Kule Nguruman, Kajiado, watafiti walikuta biringanya zikichavushwa na Macronomia rufipes, naye ni wa ardhini, pamoja na Xylocopa caffra anayetoboa mbao.

Ila maua hayo hayana mbochi. Nyuki lazima aipate kwingine, kwa hiyo magugu yenye maua pembeni mwa shamba ni chakula chake, usiyafyeke yote. Na ukitandaza kabro uani, bakiza kipande cha udongo mtupu penye jua.

Ukiona nyuki mweusi mwenye madoa ya buluu akivizia matundu, huyo ni Thyreus. Hutaga ndani ya chumba cha Amegilla, na buu lake hula akiba ya mwenye nyumba. Mwache naye: akiwepo, ujue wenyeji wake wapo.