Imani iliyoizaa aikido

Mwanafunzi mpya akishazoea kuanguka na kuviringika, swali lake la kwanza huwa karibu lilelile: mwalimu, aikido ni Zen, yaani ule Ubuddha wa kukaa kimya na kutafakari? Naelewa linakotoka. Anaona sare nyeupe, watu wanainamiana, ukumbi umetulia. Lakini Ueshiba Morihei, mwasisi wa sanaa hii ya kujihami ya Kijapani, hakuijenga juu ya Zen. Utotoni alisomeshwa na watawa wa Shingon, madhehebu mengine ya Ubuddha, na alipokuwa mtu mzima roho yake ilitekwa na Omoto, dini iliyochipuka ndani ya Shinto, imani ya jadi ya Wajapani, mwaka 1892 katika mji mdogo wa Ayabe, kwa maono ya mjane fukara aliyeitwa Deguchi Nao. Asiyeijua Omoto atasoma maneno ya Ueshiba kuhusu upendo na kuyaona mapambo tu, yaliyobandikwa juu ya mbinu za kupinda mikono ya watu.

Mbinu zenyewe zilianzia kwingine. Ueshiba alizaliwa Tanabe, pwani ya Wakayama, mwaka 1883. Alikuwa mfupi kiasi cha kukataliwa jeshini mara ya kwanza. Akajikaza, akakubaliwa, akapigana katika vita vya Japani na Urusi. Mwaka 1912 aliongoza familia 54 kwenda kufyeka msitu na kuanzisha makazi Shirataki, katika kisiwa chenye baridi kali cha Hokkaido. Huko, mwaka 1915, katika nyumba ya wageni mjini Engaru, alikutana na Takeda Sokaku.

Takeda alikuwa mtu wa Aizu, kaskazini-mashariki mwa Japani, mdogo wa umbo, mkali, asiyemwamini mtu upesi. Alizunguka Japani akifundisha Daito-ryu, aina ya jujutsu, mapigano ya mikono mitupu, ya kukamata viungo na kuangusha. Ueshiba, mwanamume mwenye nguvu za mkata magogo, alijaribiwa naye akaona hajui kitu. Akawa mwanafunzi wake, akamjengea nyumba, akamlipa ada kubwa. Mbinu tunayoiita leo ikkyo, ya kumdhibiti mtu kwa mkono wake, ilitoka huko, katika kundi la mbinu lililoitwa ikkajo, na vivyo hivyo shiho-nage, mtupo wa pande nne, na nyingine nyingi. Wako walimu wanaopenda kulipita jambo hili kimyakimya. Mimi nalisema siku ya kwanza: kwa mwili, aikido ni mtoto wa Daito-ryu, na Takeda anastahili heshima yake.

Mwishoni mwa 1919 ilifika telegramu kwamba baba yake Ueshiba yu mahututi. Alimwachia Takeda nyumba na shamba, akaondoka Hokkaido. Njiani alisikia habari za Deguchi Onisaburo, mkwe wa Nao na kiongozi wa Omoto, akapitia Ayabe kumwombea mzazi wake. Alipofika Tanabe baba alikwishafariki. Ueshiba alilemewa na huzuni, na mwaka 1920 akahamia Ayabe na familia yake yote. Mwaka huohuo alizika watoto wawili wa kiume.

Onisaburo alifundisha kwamba dini zote zimeota katika shina moja. Wafuasi wake walijifunza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya mataifa yote, ili waongee na walimwengu, walilima, walifinyanga vyungu, waliandika mashairi, maana kwake sanaa ndiyo mama wa dini. Walikuwa na tafakuri iitwayo chinkon, ya kuituliza roho, na waliamini katika kotodama, yaani kwamba sauti za lugha zina nguvu iliyoumba ulimwengu na inayoendelea kuumba. Onisaburo ndiye aliyemhimiza Ueshiba afungue dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, nyumbani kwake Ayabe. Mwaka 1922 Takeda alikuja huko, akakaa miezi kadhaa, akamtunuku cheti cha kufundisha. Walimu wake wawili walikuwa sasa mahali pamoja, na kwa habari zilizobaki hawakupendana hata kidogo.

Kisha ikaja safari ya Mongolia, mwaka 1924. Onisaburo alitaka kujenga huko makao ya amani ya dini zote, akamchukua Ueshiba kama mlinzi. Walitekwa, wakafungwa minyororo, wakapangwa kuuawa, wakaokolewa dakika za mwisho kwa juhudi za ubalozi mdogo wa Japani. Mwaka uliofuata ofisa mmoja wa jeshi la majini alimshambulia Ueshiba kwa upanga wa mbao. Ueshiba alikwepa kila pigo bila kumgusa mtu yule, hadi ofisa akachoka mwenyewe. Baadaye, bustanini, alihisi ardhi inatetemeka na mwanga wa dhahabu unamfunika. Tangu hapo alisema kwamba chimbuko la sanaa za vita ni upendo wa kimungu unaolinda viumbe vyote.

Sasa niguse sehemu inayonisumbua. Mtu huyuhuyu alihamia Tokyo, akafungua mwaka 1931 dojo ya Kobukan, ambako mazoezi yalikuwa makali hadi watu wakaiita dojo ya jehanamu. Akafundisha maofisa katika vyuo vya jeshi, katika nchi iliyokuwa ikivamia majirani zake. Mwaka 1935 serikali hiyohiyo iliisaka Omoto. Onisaburo alitiwa mbaroni na mahekalu ya Ayabe na Kameoka yakabomolewa, mengine kwa baruti. Ueshiba aliepuka jela kwa kulindwa na wanafunzi wake waliokuwa polisi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, aliondoka Tokyo akaenda Iwama, kijiji cha Ibaraki, akalima na kujenga madhabahu ya aiki, yaani kuoanisha nguvu. Ni mwaka huo pia jina aikido lilipoandikishwa rasmi. Naamini falsafa yake ya baada ya vita ina uzito kwa sababu imepitia humo. Kumwonyesha kama mzee mtakatifu aliyezaliwa na amani kifuani ni kumpunguzia thamani.

Imani hiyo unaikuta katika mazoezi yenyewe. Mshambuliaji anashusha pigo kichwani. Anayeshambuliwa haruki nyuma wala hazuii kwa nguvu. Anaingia, ndiyo irimi, mpaka ubavuni mwa mwenzake pigo likiwa bado hewani. Halafu anazunguka, ndiyo tenkan, na ghafla wote wawili wanatazama upande mmoja. Hakuna tena wawili wanaokabiliana. Ueshiba aliliona hilo kama tendo la ibada. Tazama pia kotegaeshi na nikyo: kifundo cha mkono kinakunjwa kuelekea upande ambao kwa kawaida hujikunja, kinauma sana, lakini ukiacha kwa wakati hakivunjiki. Uamuzi wa kuacha uko mikononi mwako, na unaufanya tena na tena jioni nzima. Hata lile zoezi la kupiga makasia kabla ya darasa, torifune, ambalo wengi hudhani ni kupasha viungo moto, ni misogi, utakaso wa Shinto.

Ueshiba alipenda kutaja masakatsu agatsu, maneno yaliyomo katika jina la mungu mmoja wa kitabu cha kale Kojiki: ushindi wa kweli ni kujishinda mwenyewe. Ndiyo sababu alikataa mashindano. Mwanafunzi wake Tomiki Kenji, aliyetoka katika judo, hakukubaliana naye. Aliona kwamba bila kupambana kwa kweli mbinu zitalegea, akaunda aikido yenye mashindano. Hoja yake ni nzito, na nimeona dojo ambako mtu anaanguka kabla hajaguswa. Hata hivyo mimi nabaki upande wa Ueshiba. Ukishaweka pointi na medali, mwenzako anageuka kuwa kizuizi kati yako na ushindi, na kila kilichotoka Ayabe kinapotea. Dawa ya ulegevu ni kumtaka mshambuliaji ashambulie kikwelikweli, akamate kama anayetaka kushika, apige kama anayetaka kupiga. Hilo ndilo tunalolifanyia kazi dojoni kwetu muhula huu.