Mchango wa ushirika kwa Wabaptisti: maana yake, hesabu yake na mijadala yake

Mchango wa ushirika ni ile sehemu ya sadaka za kanisa la Kibaptisti ambayo washirika wenyewe wamepiga kura kuitoa nje ya kanisa lao, ili ifanye kazi ambayo kanisa moja halina ubavu nayo: kusomesha wachungaji, kuwatunza wainjilisti, kufungua kanisa jipya Kongwa au Manyoni. Kwa kawaida hupangwa kwa asilimia, hutumwa kila mwezi, na huingia kwenye mfuko mmoja unaogawanywa na mkutano mkuu. Pasipo kura ya washirika hakuna mchango wa ushirika. Kuna makato tu.

Jambo hili huwachanganya wengi hapa Dodoma kwa sababu tunaishi katikati ya makanisa yenye mfumo mwingine. Kwa Waanglikana, Wakatoliki na Walutheri, mchungaji au padri hupangiwa kituo kutoka juu, na kiasi cha kupeleka dayosisi au jimboni nacho huamuliwa kwa mpangilio wa huko huko juu. Kwa Wabaptisti, kanisa la mahali ndilo lenye neno la mwisho juu ya mambo yake. Linamwita mchungaji lenyewe, linaachana naye lenyewe, linajipangia bajeti. Jimbo la Kibaptisti na jumuiya ya taifa ni vyombo ambavyo makanisa yameviunda ili yasaidiane. Hata pale kiongozi wa taifa anapoitwa askofu, cheo hicho hakimpi ruhusa ya kugusa sanduku la sadaka la kanisa la Bahi.

Ndiyo maana mjadala wowote wa sera kwa Wabaptisti, uwe wa mafundisho, wa uchaguzi au wa kiwanja, mwishowe hufika kwenye fedha. Kanisa lisilowaamini tena viongozi wa jimbo huwa haligombi sana. Linapunguza asilimia, au linaacha kutuma. Kiongozi mwenye busara huisoma taarifa ya michango kama anavyosoma barua kutoka kwa makanisa. Anayeisoma kama orodha ya wadaiwa amekosea tangu mwanzo.

Mpango unaojulikana zaidi wa aina hii ni wa Southern Baptist Convention ya Marekani, jumuiya iliyoanzishwa Augusta, Georgia, mwaka 1845, ambayo wamishonari wake walifika Tanganyika mwaka 1956. Kwa takriban miaka 80 ya mwanzo, taasisi zake zilijitafutia fedha kila moja kivyake. Chuo kilituma mtu wake, bodi ya umisheni mtu wake, na makanisa yakachoka kupokea wageni wenye maombi, huku sehemu ya sadaka ikiishia kwenye nauli za hao waombaji. Mwaka 1919 wakaanzisha kampeni ya miaka 5 ya kukusanya dola milioni 75. Ahadi zikavuka dola milioni 92. Taasisi zikaanza kujenga na kukopa kwa kutegemea ahadi hizo. Kisha bei ya pamba na mazao mengine ikaanguka, wakulima wakashindwa kutimiza, na kampeni ilipofungwa zilikuwa zimeingia kama dola milioni 58. Madeni yakabaki mikononi mwa taasisi.

Mwaka 1925, mkutano uliofanyika Memphis ukapitisha Mpango wa Ushirika. Kanisa linatuma fungu moja kwa jumuiya ya jimbo lake. Jimbo linabakiza sehemu kwa kazi zake na kupeleka iliyobaki taifani. Taifa linagawa kwa mafungu yaliyopitishwa na wajumbe. Katika mgawo wa miaka ya karibuni, bodi ya umisheni wa nje hupata zaidi kidogo ya nusu ya fedha inayofika taifani, na seminari 6, yaani vyuo vya kusomesha wachungaji, hugawana asilimia 22 hivi. Swali la jimbo libakize kiasi gani limejadiliwa tangu siku ile mpaka leo, na halitaisha, kwa sababu kila ngazi huiona kazi yake kuwa ya haraka zaidi.

Kilichowapata kwa pamba kinaihusu Dodoma moja kwa moja. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Fedha ya mshirika mkulima huonekana kuanzia Mei na Juni, akishavuna uwele, mtama, karanga na alizeti. Januari hadi Machi akiba ya chakula imepungua, mahitaji ya shule yameshamaliza kilichokuwepo, na nguvu zote ziko kwenye palizi. Jimbo likiweka kiwango bapa, tuseme shilingi 50,000 kwa kila kanisa kila mwezi, kanisa la kijijini Chemba litalipa Julai bila taabu na litadaiwa Februari. Deni likifika miezi 4, mchungaji huanza kukwepa vikao vya jimbo kwa aibu, na jimbo linampoteza mtu pamoja na mchango wake.

Asilimia huondoa aibu hiyo, maana sadaka ikishuka mchango nao unashuka. Kanisa la mjini lenye watumishi wa umma, ambao mshahara wao hauangalii mvua, litatuma kiasi kinacholingana mwaka mzima. La kijijini litatuma kidogo masika na kingi kiangazi. Na yote mawili yatakuwa yametimiza wajibu. Ila asilimia huhamishia mzigo kwa mweka hazina wa jimbo. Akipanga posho za wainjilisti kwa kuangalia makusanyo ya Julai, ifikapo Februari hatakuwa na cha kuwapa. Apange kwa wastani wa miezi 12 ya mwaka uliopita, na ziada ya miezi ya mavuno aitenge kwenye akiba isiyoguswa mpaka Januari. Ahadi za makanisa asiziingize kwenye bajeti kana kwamba ziko benki.

Hesabu yenyewe ni rahisi, lakini hukosewa mahali pamoja kila mara. Tuseme kanisa limepokea kwa mwezi zaka shilingi 420,000, sadaka za Jumapili 160,000, mazao yaliyonadiwa 70,000, sadaka ya ujenzi 200,000 na rambirambi 50,000. Jumla ni 900,000. Mweka hazina mwenye haraka huchukua asilimia 10 ya jumla yote na kutuma 90,000. Hiyo si sahihi. Sadaka ya ujenzi na rambirambi zilitolewa kwa kusudi maalumu, hivyo hazimo kwenye msingi wa hesabu. Msingi ni 650,000, na mchango ni 65,000. Zile 25,000 zilizozidi zimekatwa kwenye bati la kanisa na kwenye mkono wa mfiwa, bila watoaji kuulizwa. Waumini wakigundua, hawamlaumu mweka hazina peke yake. Wanaulaumu ushirika wote.

Mazao yana kanuni zake. Debe la alizeti lililoletwa madhabahuni haliandikwi kwa bei ya kukisia. Linanadiwa baada ya ibada, na kitabu kinapokea bei iliyolipwa. Mtu akishinda mnada kwa shilingi 20,000 na kusema atalipa mwisho wa mwezi, hiyo bado ni ahadi. Iingie siku anapolipa. Kanisa likiamua kuhifadhi magunia likingoja bei ipande, halimo kosani, ila mashemasi wahesabu magunia na waweke saini idadi hiyo siku yanapoingia ghalani na tena siku yanapotoka. Panya wamesingiziwa mengi katika maghala ya makanisa.

Je, anayetoa zaidi awe na sauti zaidi? Southern Baptist Convention wamelijibu hili kwa kanuni ambayo inafaa majimbo yetu kuisoma vizuri. Kila kanisa shirika linapata wajumbe 2. Linaongezewa mjumbe 1 kwa kila asilimia 1 kamili ya sadaka zake zisizotengwa kwa kusudi maalumu inayopitia mfuko wa ushirika, au kwa kila dola 6,000, lakini halivuki wajumbe 12. Kwa hesabu hiyo kanisa dogo linalotuma asilimia 10 linafikisha wajumbe 12, sawasawa na kanisa kubwa lenye maelfu ya watu. Mjumbe naye akishafika mkutanoni hupiga kura kwa dhamiri yake. Hakutumwa na kura mfukoni. Kanuni kama hii ni halali ikiwa imeandikwa kwenye katiba na inajulikana mapema. Kuwazuia wajumbe mlangoni asubuhi ya uchaguzi kwa madai ya malimbikizo ambayo hakuna aliyeyasikia kabla, hiyo ni njia ya kuiba uchaguzi.

Mjadala mwingine mzito ni wa sadaka zilizotengwa. Makanisa mengi yangependa kuchagua: yetu iende kwa umisheni, isiende ofisini. Huko Marekani sadaka ya Krismasi iliyoanza mwaka 1888, ambayo baadaye ilipewa jina la mmishonari Lottie Moon, inakwenda yote umisheni wa nje, na imeishi kwa amani kando ya mfuko mmoja. Mwaka 2010, huko Orlando, mkutano ukakubali pia kutambua rasmi michango inayotumwa moja kwa moja kwa taasisi za ushirika. Waliopinga waliogopa kwamba kazi zenye mvuto zingeshiba na zisizo na mvuto zingekauka. Hofu hiyo ina msingi. Hakuna mtu anayetenga sadaka yake ilipe mkaguzi wa hesabu, na pasipo mkaguzi kazi zote ziko hatarini. Mwaka 1928 iligundulika kwamba Clinton Carnes, mweka hazina wa Bodi ya Umisheni wa Ndani ya jumuiya hiyo, alikuwa amechota zaidi ya dola 900,000. Kwa hiyo: akaunti ya jimbo iwe na watia saini wasiopungua 2 wasio wa familia moja, fedha itumwe kwenye akaunti hiyo na kamwe isipitie simu ya kiongozi binafsi, stakabadhi irudi kanisani kabla ya mwezi kwisha, na mkutano mkuu usimchague mkaguzi aliye chini ya yule anayekaguliwa.

Kuhusu nidhamu, jumuiya ya Kibaptisti ina nguvu moja tu, nayo ni kusitisha ushirika. Mwaka 2023 Southern Baptist Convention ililitoa kanisa la Saddleback la California kwa suala la wanawake wachungaji. Kanisa hilo halikufungwa, na majengo yake yalibaki yake. Mwaka uliofuata, pendekezo la kuingiza katazo la wanawake kuwa wachungaji kwenye katiba lilipata kura asilimia 61 hivi, likashindwa kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika.

Kwetu hapa suala la majengo ni gumu zaidi. Makanisa mengi ya mahali hayana usajili wake; yanafanya kazi chini ya usajili wa jumuiya, na hati ya kiwanja huandikwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kanisa linaweza kuwa huru katika kila jambo la ibada, na bado likashindwa kuondoka na ukuta lililoujenga lenyewe. Kabla ya kununua kiwanja Ihumwa au Nala, washirika wasome kifungu cha mali kwenye katiba ya jumuiya, na muhtasari wa kikao utaje fedha imetoka wapi: kwa washirika, kwa jimbo au kwa wafadhili, na kila upande kiasi gani. Muhtasari huo uwe na nakala 3, moja ikae kwa wadhamini.

Kanisa likitaka kubadili asilimia yake, hoja itangazwe kwa muda unaotajwa na katiba yake, akidi ihesabiwe na kuandikwa, kura ipigwe, kisha barua iende jimboni kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijapangwa. Kama asilimia inashuka, barua itaje sababu na mwezi ambao washirika watakaa tena kuiangalia. Jimbo lililopokea barua ya namna hiyo lina kitu cha kujibu. Lililoona tu fedha haiji linabaki kukisia.