Kelele za Nasari, Boti na Ambulensi: Kulinda Masikio ya Mtoto Mchanga

Mtoto aliyezaliwa Lamu kabla ya siku zake huenda akapitia kelele za aina tatu katika wiki moja: mashine za nasari (wodi ya watoto wachanga wagonjwa), injini ya boti ya kuvukia Mokowe upande wa bara, na ambulensi ya kwenda Malindi au Mombasa. Maswali yafuatayo ndiyo wazazi na jamaa huuliza zaidi.

Mtoto njiti anasikia kweli?

Anasikia. Sikio la ndani huanza kufanya kazi kwenye wiki ya 24 au 25 ya mimba. Akiwa tumboni, mwili wa mama na maji ya uzazi huchuja sauti kali na nyembamba, kwa hiyo zinazomfikia ni zile nzito: mapigo ya moyo, mngurumo wa tumbo, sauti ya mamake. Mtoto wa wiki 30 aliye nje amekipoteza kichujio hicho, na masikio yake bado yanajengwa.

Kelele ya kiasi gani ni nyingi?

Mwaka 1997 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kelele za nasari zisizidi desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mazungumzo ya kawaida ya watu wazima ni kama desibeli 60. Desibeli hazihesabiwi kama kilo: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Feni ya inkubeta, lile boksi la kumpa mtoto joto, peke yake mara nyingi hufika 50 au kupita, kwa hiyo hakuna nafasi iliyobaki ya kupiga soga juu ya kichwa cha mtoto.

Programu ya simu ya kupima kelele si sahihi sana, lakini yafaa kulinganisha. Pima karibu na kichwa cha mtoto, pima tena baada ya kuzima kisichotumika, utaona tofauti.

Kelele hizi zinaweza kumfanya kiziwi?

Haijathibitishwa kwamba kelele za kawaida za nasari, zikiwa peke yake, huua usikivu. Hofu yetu ni pale zinapokutana na mengine. Mtoto mwenye maambukizi ya damu hutibiwa kwa sindano za gentamaisini. Dawa hiyo huokoa maisha, na hakuna mzazi anayepaswa kuikataa, lakini yaweza kudhuru vinywele vidogo vya sikio la ndani ambavyo hunasa sauti, na vikifa havioti tena. Kelele nyingi huongeza uzito kwenye sikio lile lile. Ikiongezwa dawa ya kukojoza maji kama furosemaidi, hatari hupanda zaidi. Ndiyo maana dozi hupimwa kwa kilo za mtoto na saa za sindano huandikwa.

Athari nyingine inaonekana papo hapo. Mlango ukigongwa, mtoto hutanua vidole, hukunja uso, moyo humwenda mbio na oksijeni kwenye skrini hushuka. Wengine husahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Nguvu ambazo zingemwongezea uzito zimeishia kwenye mshtuko.

Kelele za nasari zinatoka wapi hasa?

Nyingi zinatoka mikononi mwetu. Chukua kidirisha cha inkubeta, kile cha kupitishia mkono. Ukikisukuma kwa kiwiko kikajifunga chenyewe, ndani huwa ni mlio wa desibeli 80 na zaidi, maana kuta za plastiki ngumu huurudisha. Kifunge hivi: bonyeza kishikizo kwa kidole gumba ukishikilie, sogeza kidirisha taratibu hadi kiguse mpira wa ukingo, ndipo uachie kishikizo polepole. Mpira ukiwa umekatika, mlio huongezeka na joto huvuja, kwa hiyo mwambie muuguzi.

Usigonge ukuta wa inkubeta kwa kidole kumwamsha mtoto. Usiweke kikombe cha maziwa, faili wala simu juu yake. Kitambaa kizito juu ya paa hupunguza mlio na mwanga, ila kisizibe matundu ya hewa wala kumficha mtoto asionekane na muuguzi.

Kwa wahudumu: maji yakituama kwenye mpira unaompitishia mtoto hewa, huguruma karibu kabisa na sikio. Yamwageni mara kwa mara, kuelekea upande usio wa mtoto. Mashine ya kufyonza makamasi izimwe mara tu kazi inapokwisha. Mtambo wa kutengeneza oksijeni usogezwe mbali kadiri mpira unavyofika.

Mzazi asinyamazishe kengele ya mashine. Amwite muuguzi.

Tunaweza kumuadhinia akiwa ndani ya inkubeta?

Ndiyo, na wala haihitaji sauti kubwa. Ombeni wakati ambao muuguzi atafungua inkubeta kwa kazi nyingine, ili mtoto asisumbuliwe mara mbili. Mtu mmoja anawe mikono, ainame kwenye kidirisha, aadhini sikio la kulia na kukimu la kushoto kwa sauti ya kunong'ona. Msiweke simu ndani ikisoma. Sauti ya simu ndani ya boksi lile hurudi mara nyingi, na simu yaweza kuita.

Sauti ya mama nayo si kelele. Akimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, azungumze naye chinichini. Kifuani pia mtoto yuko mbali na feni ya inkubeta, na hiyo ni faida ambayo watu huisahau wanapotaja joto na maziwa tu.

Je, pamba au mafuta ya nazi masikioni?

Hapana. Pamba huzuia sauti kidogo mno na yaweza kuzama ndani. Mafuta hayazuii kitu. Vizibo vya watu wazima ni hatari, vinaweza kumkaba. Vipo vifuniko laini vya watoto wachanga vya kubandika, vinavyofaa kwa safari au kipimo cha MRI (cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), ambacho mlio wake hupita desibeli 100. Visikae siku nzima: gundi huchubua ngozi ya njiti, na mtoto anahitaji kumsikia mamake.

Tukivuka kwa boti je?

Injini iko tezi, yaani nyuma ya boti, basi mtoto asikae tezi. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hewani hupungua kama desibeli 6: kutoka mita 1 hadi 4 umeokoa kama 12. Omoni kabisa, kwenye ncha ya mbele, nako hapafai, kwa sababu ndiko chombo hupigwa na mawimbi. Kaeni katikati, mbele kidogo. Mama ambebe kifuani, sikio moja likilala kwenye kifua, jingine chini ya kofia na kanga iliyokunjwa mara kadhaa, pua na mdomo vikiwa wazi na vinaonekana. Mwombeni nahodha aende mwendo mmoja badala ya kukanyaga mafuta na kuachia.

Na ndani ya ambulensi?

Kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen hadi Malindi ni saa kadhaa. Barabara ikiwa wazi, mwombeni dereva azime king'ora. Madirisha ya upande wa mtoto yafungwe. Kagueni mtungi wa oksijeni kabla ya kuondoka: ukisikia mluzi kwenye kiungo cha geji, gesi inavuja, na huko ni kupoteza oksijeni na kumpigia mtoto kelele kwa pamoja.

Apimwe masikio lini?

Kabla ya kutoka hospitali au kufikia mwezi mmoja. Kipimo kisipoeleweka, uchunguzi kamili ufanywe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Aliyelala nasari zaidi ya siku 5 apimwe kwa vibandiko vya kichwani vinavyofuata sauti hadi kwenye ubongo. Kile cha kifaa cha sikioni peke yake hakigundui tatizo la mshipa wa kusikia, ambalo huweza kuletwa na manjano makali, yaani ngozi na macho ya mtoto kuwa ya njano.

Akiwa alipewa gentamaisini zaidi ya siku 5, alibadilishwa damu kwa ajili ya manjano au alichelewa kupumua alipozaliwa, arudiwe kabla ya miezi 9 hata kama alifaulu mwanzo; aliyeugua homa ya uti wa mgongo arudiwe mapema zaidi, ndani ya miezi 3 baada ya kuugua. Mwombeni daktari aandike kwenye karatasi ya kutokea jina la kila dawa na idadi ya siku. Karatasi hiyo ikae ndani ya kitabu cha kliniki, kwa sababu mpimaji wa masikio ataiuliza.