Unasihi shuleni: ni kazi gani, na inakwamia wapi

Unasihi ni huduma ya kumsaidia mwanafunzi aone vizuri kinachomsumbua, apime njia zilizopo, kisha aamue mwenyewe. Kugomba si unasihi, wala kuhubiri. Mwongozo ni kazi ya jirani yake: kumpa mwanafunzi taarifa sahihi ambayo hana, kwa mfano asome tahasusi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo ya kidato cha tano na sita, ili aje kuwa mfamasia. Kwenye shule za serikali za Tanzania kazi zote mbili humwangukia mwalimu yuleyule, ambaye bado ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya uteuzi. Mkuu wa shule anatazama nani anaogopwa na wanafunzi, anampa unasihi pamoja na nidhamu. Hapo huduma imekufa kabla haijaanza. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Aliye na ruhusa hiyo asipewe unasihi. Hakuna mtoto atakayemfungulia moyo mtu aliyemchapa Jumatatu. Wateuliwe wawili, mwanamke na mwanamume, na wapate chumba ambacho mlango wake hautazamani na ofisi ya walimu. Kama chumba hakuna, benchi chini ya mwembe linatosha, mradi wanaonekana kwa mbali na hawasikiki. Kujifungia na mwanafunzi peke yenu ni hatari kwa wote wawili.

Kikao kimoja kisizidi kipindi cha dakika 40. Baada ya salamu, kabla mtoto hajasema lolote, mwambie wazi: "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa kama uko hatarini, au mtu mwingine yuko hatarini." Walimu wengi huiruka hatua hii, halafu wakilazimika kutoa taarifa mtoto anaona amesalitiwa, na shule nzima inajua kabla ya kengele ya kutoka. Kisha uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, na lisilomshtaki. "Kwa nini unatoroka?" ni swali la mahakamani, na jibu lake huwa kuinama na kuchora chini kwa kidole cha mguu. "Hebu niambie, siku usipokuja shule asubuhi yako inakwendaje?" hilo linafungua. Sikiliza, rudia ulichosikia kwa maneno yako ili akusahihishe, mtafute pamoja njia mbili tatu, achague mwenyewe moja ndogo ya kuanzia, mpange siku ya kurudi. Bila siku ya kurudi, mlikuwa mnapiga soga.

Kabla ya kikao, fungua daftari la mahudhurio. Katika vijiji vya pwani ya Tanga, kuanzia Tongoni hadi Moa, utoro una kalenda yake. Mwanafunzi anayekosekana siku chache mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huenda anafuata bamvua: maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na pweza hutafutwa wakati huohuo wa vipindi. Anayekosekana mfululizo siku za giza, halafu anaonekana tena mbalamwezi ikitoka, huenda usiku yuko kwenye uvuvi wa dagaa kwa taa na mchana amelala. Kumwita huyo mvivu ni kutojua. Mara nyingi fedha yake inalisha watu nyumbani, kwa hiyo mazungumzo yamwingize na mlezi, na lengo la kwanza liwe kupunguza siku anazokosa. Ahadi ya kuacha bahari kesho haitekelezeki, na yeye anajua hivyo hata akikuitikia.

Mambo mengine hayaishii kwa mnasihi. Mtoto akieleza ukatili au kuingiliwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwenye taarifa aifikishe serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na simu ya bure 116 vipo kwa ajili hiyo. Akiwa amebakwa, asioge na nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali haraka, kwa Tanga mjini ni Bombo, maana dawa za kukinga VVU hazifai kuanzwa baada ya saa 72. Usimhoji upya kila anapoingia mwalimu mwingine, wala usikubali wazee wakuombe "tuyamalize kifamilia".

Upande wa mwongozo, tatizo kubwa ni kuchelewa. Tahasusi za kidato cha tano zilifika 65 mwaka 2024, na bado shule nyingine hujaza Selform, fomu ya machaguo ya masomo baada ya kidato cha nne, kwa mkupuo: kidato cha nne wote wanakusanywa, kila mmoja anaiga aliyekaa mbele yake. Kazi hii ianze kidato cha pili, mwanafunzi akiwa na matokeo yake mkononi, na VETA, yaani mafunzo ya ufundi stadi, itajwe kama njia kamili, si jalala la waliofeli. Matokeo yakitoka kuna dirisha la kubadili machaguo, ila humsaidia tu aliyeambiwa lipo.

Waliorudi shule baada ya kukatisha, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Mnasihi azungumze na mwalimu wa darasa kabla ya siku ya kwanza: dawati liwe limeshapangwa, na mwanafunzi huyo asitambulishwe mbele ya wenzake.

Kumbukumbu ziandikwe kwa namba badala ya jina, na kabati lifungwe. Andika tarehe, tatizo kwa sentensi moja, mlichokubaliana, siku ya kurudi. Mnasihi akihamishwa kituo, ufunguo uende kwa mnasihi wa pili, na kila mwanafunzi anayehudumiwa aulizwe kwanza kama anaridhia.