Kirnupiimä hunywewa, si chombo

Juzi nimeletewa tafsiri nyingine ya kuhariri, na humo mkulima wa Ufini "anakunywa mtungi wa kusukia maziwa". Neno la asili: kirnupiimä. Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi mno, na limenichosha.

Kirnu ni chombo cha kusukia maziwa, piimä ni maziwa yaliyochachuka. Hapo hakuna ubishi. Tatizo ni mpangilio. Sisi tumezoea kiini kitangulie: mwanasheria ni mwana kwanza, sheria inafuata. Kifini ni kinyume. Neno la mwisho ndilo kiini, la mwanzo linalipambanua. Voi ni siagi, leipä ni mkate. Voileipä basi ni mkate. Kwa hiyo kirnupiimä ni piimä, basi.

Ila piimä ya kirnu kwa namna gani? Neno lenyewe halisemi! Voileipä ni mkate uliopakwa siagi, lakini kirnu haipakwi popote. Lazima uijue kazi. Kirnu ya zamani ni pipa jembamba la mbao, mfuniko una tundu, mti unapita humo. Krimu iliyochachuka inapigwa juu chini, inakuwa nzito mpaka mkono unauma, halafu ghafla mti unalegea na unasikia majimaji yakichapwa. Siagi imejitenga. Yale majimaji membamba yanayobaki, yenye vitone vya njano, ndiyo kirnupiimä. Bibi aliyesuka maziwa kwenye kibuyu hahitaji kuelezwa: ni mtindi, kwa maana yake ya zamani.

Chimbuko sasa. Kirnu imetoka kwa majirani Wajerumaniki, yaani wa jamii ya lugha za Kijerumani na Kiswidi; Kiswidi wanasema kärna. Piimä ni ya kale zaidi, nayo ni ya kuazima kutoka lugha za Kihindi-Kiulaya, ile familia kubwa inayoenea Ulaya hadi India. Kilithuania, lugha ya Baltiki, kina pienas, maziwa. Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani, kina paēman, maziwa ya mama. Vitabu vingine huchagua upande mmoja na kufunga mjadala. Mimi siapi: ile m inanivuta kwenye Kiavesta, ujirani unanirudisha Baltiki.

Na tafadhali, msiniambie piimä ni maziwa tu kwa sababu Kiestonia piim ni maziwa. Ni ndugu walioachana njia. Mfini akitaka maziwa husema maito.

Nimeandika: "mtindi uliobaki baada ya kusuka siagi". Mchapishaji amelalamika kwamba ni refu. Nimeliacha hivyo hivyo.