Safi ni safi, salama ni salama

Jana tena nimemsikia mtu anajisifu, "tumefunga sensa kwenye tenki, sasa tunajua maji ni salama muda wote". Muda wote sawa, hapo sibishi. Hiyo salama ndo imenikwama kooni.

Kufuatilia ubora wa maji kwa sensa ni hivi: unatumbukiza vipimo kwenye tenki, kisima au mto, vinasoma pH (uchachu wa maji), joto, tope, chumvichumvi, pengine na klorini iliyobaki, kila baada ya dakika kadhaa, halafu laini ya simu inarusha namba mpaka ofisini. Basi.

Sasa sisi "maji safi na salama" tumeyatamka kama mapacha tangu shuleni mpaka tukasahau kuwa ni maneno mawili. Yote yametoka Kiarabu, ila safi ni kitu kiangavu, kisicho na mchanganyiko, salama ni kutodhurika. Nenda vijiji vya chini ya Mlima Meru, maji ya chemchemi yanang'aa unahesabu kokoto chini, na waliokua wakiyanywa meno yana madoa ya kahawia, madini ya floraidi yaliyozidi hayo. Safi ipo, salama hakuna.

Na sensa inajua hiyo safi tu, tena nusunusu. Ya tope inamulika maji inaangalia mwanga unavyotawanyika. Ya chumvi inapitisha umeme, inajua kuna vitu vimeyeyuka ila haijui ni nini. Ndo maana wananichosha wale wauza filta wanaochovya kakalamu kao ka kupima chumvi kwa umeme huohuo kwenye glasi ya mama wa watu, kanaandika 300, "mama unaona uchafu huo!", wakati 300 inaweza kuwa madini tu ya kawaida na maji yanayosoma 20 yakawa na kinyesi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka E. coli, bakteria wa kinyesi, isionekane kabisa kwenye mililita 100, na kuijua kwa kawaida unaotesha sampuli maabara kama siku nzima, kakalamu hakaoni kitu.

Sensa kazi yake ni kushtua. Klorini ikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita saa nane usiku inakuamsha, ili mradi mtu anaifuta ule utelezi unaoota juu yake majini, la sivyo inapima utelezi wake yenyewe.

Wenye Kiswahili sanifu huiita kihisi, na kwa kweli wamepatia, kinahisi. Kwa hiyo kaka yangu wa tenki, sema tu "kihisi hakijaona mabadiliko tangu jana", hiyo salama tumsubiri aliyeondoka na chupa ya sampuli.